Ram ya Paul na Linda McCartney: kwa nini wasikilizaji hawaelewani kuhusu albamu iliyotolewa upya

Julai 1971 mhakiki Jon Landau aliandika katika jarida la Rolling Stone kwamba Ram, albamu mpya ya Paul McCartney na mkewe Linda, ndiyo shimo la chini kabisa ambalo roki ya miaka ya 60 ilikuwa imefikia katika kuoza kwake. Hakuwa peke yake. Ringo Starr, mpiga ngoma wa Beatles aliyefanya kazi na Paul kwa miaka, alisema hadharani kwamba humo hakusikia wimbo hata mmoja. Mei 2012 albamu ileile ikatolewa upya, na tovuti ya uhakiki wa muziki ya Pitchfork ikaipa alama 9.2 kati ya 10. Mwaka 2020 Rolling Stone, jarida lilelile, likaipa nafasi ya 450 katika orodha yake ya albamu 500 bora za nyakati zote.

Nyimbo ni zilezile 12, zimepangwa vilevile, na zimetoka kwenye utepe uleule. Kimebadilika nini?

Wengi hujibu haraka kwamba sauti imesafishwa. Ni kweli imesafishwa, lakini hakuna usafi wa sauti unaoweza kumtoa mtu kwenye "shimo la chini kabisa" akafika 9.2. Ukiwasikiliza kwa makini watu wanaobishana kuhusu Ram utagundua hawazungumzi jambo moja. Yupo anayehukumu nyimbo. Yupo anayehukumu ugomvi wa Beatles, na mwingine anayemhukumu Linda. Wengine wanazungumzia mashine iliyochonga santuri, na wengine bei ya sanduku la toleo jipya. Wote wanatumia maneno mawili, "nzuri" na "mbaya", kwa hiyo inaonekana kana kwamba wanapingana, kumbe kila mmoja anajibu swali lake.

Tuanze na ugomvi, kwa sababu ndio ulioharibu masikio ya mwaka 1971.

Paul na Linda Eastman walifunga ndoa London tarehe 12 Machi 1969. Aprili 1970 ulimwengu ukajua kwamba Paul ameachana na Beatles. Wenzake watatu walitaka mambo yao ya fedha yasimamiwe na meneja Allen Klein, lakini Paul alimkataa Klein katakata, na tarehe 31 Desemba 1970 akaenda mahakamani kuomba ushirika wa Beatles uvunjwe. Machi 1971 mahakama ilimkubalia kiasi cha kuteua msimamizi wa mali zao. Sasa angalia Ram ilirekodiwa lini: ilianza New York Oktoba 1970 na kumalizikia Los Angeles majira ya kuchipua ya 1971. Yaani nyimbo hizi za mashamba, chakula cha nyumbani na kiti cha nyuma cha gari zilikuwa zikirekodiwa wakati mawakili wakiandika viapo. Ilipoingia madukani Mei 1971, msikilizaji wa kawaida wa roki alikuwa tayari ameshachagua upande, na wengi hawakuchagua wa Paul.

Hapo neno "wasikilizaji" linahitaji kugawanywa, maana waliochukia walikuwa hasa waandishi na wanamuziki. Wanunuzi waliipenda. Ram ilishika namba 1 Uingereza na namba 2 Marekani. Wimbo "Uncle Albert/Admiral Halsey" ulifika namba 1 Marekani Septemba 1971, kisha ukapata tuzo ya Grammy kwa upangaji wa ala. Ile hadithi ya albamu iliyochukiwa na kila mtu hadi kizazi kipya kilipoiokoa ni tamu, ila ni nusu ya ukweli. Kilichogeuka baada ya miaka 40 ni maoni ya wahakiki. Watu walioinunua mwaka 1971 wakaicheza hadi ikakwaruzika hawakuhitaji kuokolewa na yeyote.

Mtu aliyeisikiliza kwa sikio baya kuliko wote alikuwa John Lennon, mwenzake wa zamani wa Beatles, na si ajabu. Wimbo wa kwanza, "Too Many People", ulimchokoza kweli. Paul mwenyewe alikiri baadaye. Nyuma ya jalada kuna picha ya mbawakawa wawili wakipandana, na kwa watu waliotoka kwenye bendi ambayo jina lake linatamkwa sawa na mdudu huyo kwa Kiingereza, ujumbe ulieleweka. Lennon alijibu kwenye albamu yake Imagine kwa wimbo mkali, "How Do You Sleep?", na ndani akatia kadi ya picha inayomwonyesha ameshika masikio ya nguruwe, kumkejeli Paul ambaye kwenye jalada la Ram ameshika pembe za kondoo dume.

Lakini Lennon hakuishia kwenye wimbo mmoja. Alidhani "Dear Boy" pia ulimlenga yeye, na Paul akaeleza kwamba ule alimwimbia mume wa kwanza wa Linda, mtu ambaye hakujua alichokuwa nacho mkononi. Alidhani mwisho wa "The Back Seat of My Car" ulikuwa dongo kwake na kwa mkewe Yoko Ono. Wimbo huo Paul alishaupiga kwenye mazoezi ya Beatles Januari 1969, Lennon akiwa bado mwanabendi, kabla ya kesi yoyote. Kama aliyekaa naye miaka kumi na zaidi anaweza kusikia matusi ambayo hayapo, mhakiki aliyekuwa anasoma habari za kesi magazetini angesikia nini?

Jambo hili halikuipata Ram peke yake. Albamu za wanandoa huwa na balaa hili: msikilizaji anaifungua ndoa kwanza, muziki baadaye. Double Fantasy ya John Lennon na Yoko Ono ilitoka Novemba 1980 na ikapokelewa kwa ubaridi. Wapo wahakiki walioona mume na mke wanajisifu wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 8 Desemba Lennon akauawa kwa risasi mbele ya nyumba yake New York. Santuri haikubadilishwa hata sekunde moja, lakini ilipanda hadi namba 1, na ikashinda Grammy ya albamu bora ya mwaka 1981. Au chukua Shoot Out the Lights ya Richard na Linda Thompson, ya mwaka 1982. Ilitoka ndoa yao ikiwa imevunjika, na tangu siku hiyo watu wanaisikiliza kama kitabu cha talaka, ingawa sehemu kubwa ya nyimbo zake ziliandikwa kabla ya kutengana. Katika albamu hizo mbili tukio la nje liliongeza uzito. Kwa Ram ilikuwa kinyume, tukio la nje liliupunguza, na lilipofifia nyimbo zikabaki na uzito wake halali.

Ndiyo sababu nasema toleo la 2012 lilipata bahati ya wakati. Mhakiki wa mwaka huo hakuhitaji kuamua nani alaumiwe kwa kuvunjika kwa Beatles. Zaidi ya hapo, katikati kulikuwa kumetokea vizazi vya bendi ndogo zinazorekodi nyumbani, zenye sauti za kuitikia zilizorundikana, ukulele, mizaha, na wimbo unaogeuka kuwa wimbo mwingine katikati. Vitu vilivyoonekana mwaka 1971 kuwa uvivu wa tajiri anayefuga kondoo Scotland sasa vilikuwa mtindo unaotambulika. Msikilizaji wa miaka 25 aliifikia Ram akiwa ameshafundishwa kuipenda na wanamuziki walioiiga.

Linda na nusu yake

Suala la Linda ni gumu zaidi, na ndilo lenye maoni ya hovyo zaidi pande zote.

Linda hakuwa mwanamuziki wa kazi. Alikuwa mpiga picha, na mzuri: picha yake ya Eric Clapton ya mwaka 1968 ilimfanya kuwa mwanamke wa kwanza ambaye picha yake ilitumika kwenye jalada la Rolling Stone. Picha ya Paul na kondoo kwenye jalada la Ram ni yake. Lakini jalada hilo linasema pia kwamba albamu ni ya Paul na Linda McCartney, kwa pamoja, na hii ndiyo albamu pekee yenye majina yao mawili hivyo. Ndani, karibu nusu ya nyimbo zimeandikwa kuwa utunzi wa wote wawili.

Hapo pesa zikaingia. Paul alikuwa amefungwa na mkataba wa uchapishaji wa nyimbo na kampuni ya Northern Songs, ambayo tangu 1969 ilikuwa mikononi mwa kampuni ya televisheni ya ATV ya Lew Grade. Wimbo wa Paul peke yake ungeingia wote kwenye mkataba huo. Wimbo wa Paul na Linda ungegawanywa, na fungu la Linda, ambaye hakuwa amesaini chochote, lingebaki nyumbani kwao. Wachapishaji wakamshtaki, hoja yao ikiwa, kwa ufupi, kwamba mwanamke huyu hawezi kutunga. Shauri likamalizwa kwa mapatano, na mwaka 1973 Paul akatengeneza kipindi maalumu cha televisheni kwa ajili ya ATV.

Kesi hiyo iliacha doa ambalo bado lipo kwenye maoni ya watu. Mmoja anasema jina la Linda lilikuwa ujanja wa mrabaha tu. Mwingine, kwa kuchoshwa na kejeli hizo, anasema bila Linda pasingekuwa na albamu. Kwa maoni yangu wote wanabishana kuhusu karatasi. Nani alileta mstari gani wa shairi, mezani jikoni kwao, si jambo ambalo santuri inaweza kulithibitisha. Inachothibitisha ni sauti, na sauti ya Linda imo kila mahali. Sikiliza "Dear Boy": sauti za kuitikia zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na ile ya juu, nyembamba, isiyotetemeka, ni ya Linda. Mwimbaji wa studio aliyesomea angeimba kwa usafi zaidi na wimbo ungekuwa wa kawaida zaidi. Kwenye "Long Haired Lady" anapewa mistari yake mwenyewe, na hapo nakubaliana na wanaolalamika. Anaimba kama mtu anayefokea simu. Lakini "Uncle Albert/Admiral Halsey" bila yeye ingekuwa mchezo wa kuigiza wenye mwigizaji mmoja.

Kuna jambo jingine dogo ambalo huwa halitajwi. Wapiga ala wa New York walipotafutwa, Linda ndiye aliyekuwa akipiga simu. Hivyo ndivyo walivyopatikana wapiga gitaa David Spinozza na baadaye Hugh McCracken, na mpiga ngoma Denny Seiwell alipatikana kwa majaribio yaliyofanyika kwenye chumba cha chini cha jengo, akiwa na ngoma mbovu. Ngoma za Seiwell ni sababu mojawapo kubwa ya Ram kusimama imara hata pale mashairi yanapokuwa upuuzi mtupu.

Miksi, masta, mono

Sasa sauti. Mabishano mengi kuhusu santuri zinazotolewa upya hutokana na watu kuchanganya kazi mbili ambazo mafundi wa studio hawazichanganyi kamwe. Miksi ni kuamua gitaa likae wapi, ngoma ziwe juu kiasi gani, sauti ya Linda iwe kulia au katikati. Kazi hiyo ikiisha, kila kitu kimeshikamana kwenye utepe mmoja. Masta ni kuuchukua utepe huo uliokamilika na kuutayarisha uwe santuri, sidii au faili: kuongeza besi kidogo, kupunguza ukali, kuondoa mvumo, kupandisha sauti ya jumla. Miksi ni kushona nguo, masta ni kuipiga pasi. Pasi nzuri itainyoosha, pasi mbaya itaiunguza, lakini hakuna pasi inayohamisha mkono wa shati.

Ram ya 2012 ni masta mpya, iliyofanywa katika studio za Abbey Road. Miksi ya stirio, yaani ya njia mbili, kushoto na kulia, ni ileile iliyofanywa Los Angeles mwaka 1971 na fundi kutoka Norway, Eirik Wangberg. Kwa hiyo msikilizaji anayedai kwamba kwenye toleo jipya "wamempandisha Linda" au "wameshusha ngoma" anasikia athari ya masafa. Ukifungua kidogo sauti za juu, sauti nyembamba hujitokeza; ukiongeza besi, gitaa la Paul la besi hufunika ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu. Anachosikia ni kweli, ila maelezo yake ndiyo si sahihi.

Linganisha na Double Fantasy. Mwaka 2010 Yoko Ono na prodyuza Jack Douglas waliifanyia miksi mpya kabisa, wakaondoa sauti za kuitikia na mapambo mengi ili Lennon abaki karibu na sikio. Hapo shati limefumuliwa mshono. Mtu akisema toleo hilo si albamu aliyoijua ana hoja ya haki. Akisema hivyo kuhusu Ram ya 2012 anatia chumvi.

Malalamiko ya msingi zaidi ni kuhusu kubana sauti. Tangu miaka ya 90 kampuni nyingi zimekuwa zikipandisha sehemu tulivu za wimbo zikaribiane na sehemu za kelele, ili diski isikike kubwa kwenye gari na kwenye simu. Kwa albamu kama Ram, inayoishi kwa kupanda na kushuka, kubana kupita kiasi ni kuua. Kwa sikio langu toleo la 2012 limebanwa kiasi na halikuharibiwa, na wanaoapa kwa sidii ya 1993 au kwa santuri ya kwanza ya Apple, kampuni ya Beatles, wanatetea pia vyombo vyao na kumbukumbu zao. Hakuna ubaya katika hilo. Ila santuri ya mwaka 1971 iliyochezwa mara 300 na sindano nzito si ushahidi mzuri wa kile kilichokuwa kwenye utepe.

Mwaka 2021, albamu ilipotimiza miaka 50, ikatoka santuri iliyochongwa Abbey Road na Miles Showell kwa mwendo wa nusu. Maana yake ni kwamba muziki unachezwa kwa nusu ya kasi na sahani inayochongwa inazunguka pia kwa nusu ya kasi, kwa hiyo kichwa cha kuchongea kinapata muda maradufu wa kuchora masafa ya juu, yale ya matoazi na herufi za "s". Ukiicheza kwa mwendo wa kawaida kila kitu kinarudi mahali pake. Ni ufundi halali. Kwenye spika ndogo ya bluetooth hutausikia.

Kuna mono pia, na hapa mkanganyiko ni mkubwa. Mwaka 1971 redio nyingi za Marekani za masafa ya kati zilirusha matangazo kwa njia moja tu, kwa hiyo ikatengenezwa Ram ya mono kwa ajili ya vituo vya redio, haikuuzwa madukani. Kwa miaka mingi wakusanyaji waliisaka kwa bei za kutisha. Si stirio iliyokunjwa ikawa moja; ni miksi tofauti, iliyofanywa makusudi. Mwaka 2012 hatimaye iliuzwa, kwenye santuri ya toleo la idadi maalumu na ndani ya sanduku kubwa. "Monkberry Moon Delight", ambao Paul anauimba kwa kukoroma kama mlevi, unapata nguvu ya ngumi kwenye mono kwa sababu kila kitu kinatoka mahali pamoja. "Uncle Albert" nao unapoteza upana wake, na wanamuziki wa New York Philharmonic waliokodiwa kuupamba wanasikika kama wamefungiwa kabatini. Wasikilizaji wawili wanaobishana kama mono ni bora yawezekana kila mmoja ana wimbo tofauti kichwani.

Ndani ya sanduku hilo la 2012 kuna pia Thrillington, ambayo huwaacha wengi vinywa wazi. Juni 1971, Ram ikiwa na wiki chache tu sokoni, Paul alimwajiri Richard Hewson kuipanga albamu nzima upya bila kuimba, kwa mtindo wa bendi ya kuchezea dansi. Aliificha hadi Aprili 1977, akaitoa kwa jina la bandia la Percy "Thrills" Thrillington na kukanusha kwamba anahusika. Kujificha nyuma ya jina la mtu mwingine ni tabia yake ya zamani. Wazo la Beatles kujifanya bendi nyingine, lililozaa albamu ya Sgt. Pepper, lilimjia ndani ya ndege Novemba 1966 akirudi Uingereza kutoka mapumzikoni Kenya. Mashabiki wengine huiona Thrillington kama mzaha wa tajiri. Mimi naiona kuwa ushahidi bora dhidi ya Ringo, maana ukiondoa maneno na sauti za kuimba, nyimbo bado zinasimama.

Je, ununue? Kwa anayetaka nyimbo tu, stirio ya kawaida ya 2012 inatosha, na inapatikana kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni bila kununua sanduku. Sanduku lenye diski nne, DVD na vitabu ni la mtu anayependa kushika vitu, na malalamiko kwamba ni ghali ni ya kweli, lakini ni malalamiko kuhusu kadibodi. Diski ya ziada ina "Rode All Night", dakika zaidi ya nane za Paul na Seiwell wakifukuzana kwa gitaa na ngoma, ambazo mara moja zinatosha. Thamani ya diski hiyo iko kwenye "Another Day", singo ya Februari 1971 iliyoachwa nje ya albamu ya awali. Ilifika namba 2 Uingereza na namba 5 Marekani ikiwa imeandikwa majina ya mume na mke, na ni miongoni mwa nyimbo zilizowapeleka wachapishaji kwa mawakili.